Re: Re: Re: Jina kwenye cheti cha kidato cha nne, wa shule yetu nisaidieni

Leokadia, Leicester

Habari zenu wapendwa, na shikamooni dada zangu mliotutangulia. Samahani naingia na shida bila hata kuulizana hali ila nimechanganyikiwa. Mnajua nipo kea, kazi ya kutunza watu, tangu nije huku, sasa kazini wamekubali nisomee unesi huku nafanya kazi, wanachotaka ni GCSE, ule mtihani wao wa sekondari, ya Hesabu na Kiingereza au kinacholingana nayo, nikasema haina shida, C zangu za 1991 zipo kwenye bahasha ya kaki. Nikapeleka kwenye ile ofisi ya kupima vyeti vya nje, jina lake silitaji, wengi wenu mmepita hapo. Wamenijibu cheti ni cha Reokadia na pasipoti ni ya Leokadia, halafu ubini nao tofauti maana natumia wa mume, kwahiyo hawana uhakika kama ni mtu mmoja. Wanataka barua ya shule yenye mhuri na sahihi ya mkuu wa shule kwamba Reokadia na Leokadia ni yule yule. Hivi barua hiyo anaandikiwa nani jamani? Mkuu wetu wa wakati ule alishatangulia mbele ya haki. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi.

Kiranja wa Bwalo, Houston

Pole mdogo wangu. Hiyo R naijua, ni ya Mwalimu Wino hiyo!! Nani humu hakusajiliwa na Wino anyooshe mkono. Fomu za Baraza la Mitihani, NECTA, zikija alikuwa anatupanga mstari nje ya dirisha la ofisi ya taaluma, yeye ndani kivulini wewe nje juani, unapaza sauti jina lako anaandika anavyosikia yeye, ulimi unachungulia pembeni ya mdomo, na ile kaunda suti yake yenye doa la wino mfukoni ambalo halikutoka miaka yote tuliyokaa pale. Ukisema mwalimu sio hivyo anakujibu "kwani nani mwalimu hapa?" Darasani kwetu Hilda alitoka Irida, Flora akawa Frola mpaka leo. Mimi nilipofanya CGFNS, ile ya kupima vyeti vya manesi, niliomba NECTA watume matokeo moja kwa moja wala sikugusa bahasha, yakaenda vizuri tu. Fanya hivyo.

Dada Mkuu 84, Reading

CGFNS ni ya Marekani na yeye yupo Uingereza, tusimchanganye mtoto. Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Na NECTA wakituma matokeo watatuma yenye jina lile lile la Reokadia maana jina ulilofanyia mtihani ndilo hilo, sasa hapo umetatua nini?

Leo, sikiliza. Tofauti ya herufi inatibiwa na kiapo. Ubini wa mume unatibiwa na cheti cha ndoa. Deed poll, ile hati ya kubadili jina, ni ya mtu aliyebadili jina kwa hiari yake, na ya nyumbani inasajiliwa kwa Msajili wa Hati kule Wizara ya Ardhi. Wewe hukubadili jina, umebadilishiwa. Usiende kutafuta deed poll.

Mama Pacha, Aarhus

Da Mkuu naomba nitofautiane kidogo. Mimi huku kiapo walikikataa kabisa, wakasema mtu kujiapia mwenyewe sio ushahidi, mpaka kaka yangu akahangaika RITA, wale wa vizazi na vifo, kupata cheti cha kuzaliwa ndio wakaelewa. Na kwenye cheti changu kuna somo la Siasa, yule binti wa ofisini akaniuliza hii Siasa ulikuwa kwenye chama gani. Nikamwambia mama, tulikuwa na chama kimoja tu na wala hatukuulizwa. Sayansi Kimu nayo akaandika sijui ni kozi ya sayansi gani, ikabidi nimweleze ni kupika, kushona na kumwogesha mtoto wa plastiki. Nikacheka mwenyewe pale, nikamkumbuka Madam Sindano akipima pindo la sketi kwa rula, pindo likipanda kidogo unafumua yote unaanza upya.

Dada Mkuu 84, Reading

Denmark sio Uingereza. Nilishasema.

Bweni la Chini, Coventry

Mnamkumbuka Madam Sindano kwa pindo, mimi namkumbuka kwa majani ya mpapai. Nyie wa 91 mmekuta sabuni hamjui. Sisi tumeingia kidato cha kwanza vita vya Kagera vimeisha juzi tu, madukani hakuna kitu, RTC, yale maduka ya serikali ya mkoa, rafu nyeupe, sabuni ikija ni kwa mgao na inaishia kwa wenye wajomba. Madam ndiye aliyetuonyesha kuponda majani ya mpapai kwenye ndoo, unasugua shati la shule mpaka kola inatoa rangi, unaanika, Jumatatu paredi mnang'aa. Harufu yake naijua mpaka leo. Halafu mtu anakuja kutuambia wasichana wa Weruweru ndio walikuwa wasafi.

Tano na Sita Weruweru, Milton Keynes

Hamjaacha tu wivu. Weruweru tulikuwa na Mama Kamm miaka zaidi ya 20, shule ina msimamo mmoja, nyie wakuu wa shule walikuwa wanapishana getini. Asha-Rose Migiro katoka Weruweru akafika unaibu katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa. Kilakala enzi bado inaitwa Marian College na masista wa Maryknoll, katoka Getrude Mongella aliyekwenda kuongoza mkutano wa wanawake wa Beijing 1995. Haya, shule yetu ile kamtoa nani?

Kiranja wa Bwalo, Houston

Imekutoa wewe, ukahamia kwa watu kidato cha tano ukatusahau.

Nje ya Dirisha, Oslo

Mimi ni Frola anayesemwa hapo juu, asanteni kwa kunitangaza. Nimeishi na jina hilo na kazi nimepata. Ila nataka kusema kitu kuhusu Wino maana naona mnamwandama tu.

Mwaka wetu mwalimu wa Hesabu aliondoka mwezi wa pili akaenda kutafuta maisha Botswana kama walimu wengi wa wakati ule, na hakuletwa mwingine. Wino alikuwa mtu wa Jiografia. Akachukua kitabu cha Hesabu akaanza kujisomea mwenyewe, usiku wakati wa prepu unamwona ofisini na chemli, kesho yake anakuja kutufundisha alichokielewa jana. Akikwama anasema hapa mimi nimekwama, nani ameona njia, mtoto anasimama anaenda ubaoni anamfundisha mwalimu. Tukajikuta darasa zima tunashindana nani atamkwamua. Logi tulizijua kwa sababu hiyo, yeye mwenyewe alikuwa hazijui! Leokadia wewe ulikuwa nyuma yetu, hiyo C ya Hesabu unayotembea nayo Leicester kakupa nani kama sio yeye? R kakuwekea yeye na C kakupa yeye.

Leokadia, Leicester

Da Flora umenitoa machozi kwenye basi. Ni kweli, na sisi alitufundisha hivyo hivyo ila kufikia hapo alikuwa hakwami tena, kumbe mlishamnoa nyie. Nami nilikuwa namwogopa, siku ya dirisha nilisikia kabisa akirudia "Reokadia" nikanyamaza maana nyuma yangu mstari ulikuwa mrefu na kengele ya chakula ilishagongwa, siku yenyewe ya wali.

Lakini barua jamani.

Anonimasi, Minneapolis

Kina dada salaam. Shida hizi zote chanzo chake ni kwamba serikali haitaki uraia pacha. Tungekuwa na pasipoti mbili mambo ya kuthibitisha majina yasingekuwepo. Wametuletea hadithi za hadhi maalum kwa sisi wa nje, hadhi maalum ndio nini? Mkenya tangu katiba ya 2010 anazo mbili, Mganda anazo mbili, sisi tunaambiwa uzalendo. Pesa tunazotuma hawaziulizi uraia.

Dada Mkuu 84, Reading

Wewe ni nani? Humu ni wasichana wa shule tu.

Anonimasi, Minneapolis

Ni shemeji yenu, natumia barua pepe ya mke wangu, yuko zamu ya usiku.

Bweni la Chini, Coventry

Shemeji karibu ila toka. Na hata ungekuwa na pasipoti kumi cheti kingebaki na R.

Mimi siwezi kulala sasa mmenikumbusha. Ile baridi ya Juni ya Nyanda za Juu, rimu ya lori inagongwa saa kumi na moja, mchakamchaka gizani mpaka njia panda, ukirudi uji wa moto hauna sukari na unaona mtamu. Huku nina hita kila chumba na miguu ni barafu. Mwanangu nilimsimulia kwamba tulipewa jembe, fyekeo na ndoo kwenye orodha ya vitu vya kwenda navyo shule, akaniuliza mama ilikuwa shule au jela.

Dada Mkuu 84, Reading

Na baada ya hapo tukaenda JKT kwa mujibu wa sheria, ambako ndio palikuwa na baridi. Mliomaliza baada ya kusimamishwa 1994 hamna la kusema.

Leokadia. Nenda kwa solisita, mwanasheria, yeyote hapo Leicester, mwambie unataka statutory declaration, yaani kiapo cha maandishi, kwamba majina yote mawili ni yako. Ada ya kuapisha ni pauni 5, na pauni 2 kwa kila kiambatisho, akikutajia zaidi ya hapo kwa kuapisha tu ondoka. Ambatisha cheti cha ndoa. Namba ya mtihani inayoanza na S ndiyo inayokufunga na shule, iandike humo.

Mama Pacha, Aarhus

Lakini wao wamesema barua ya shule, hawajasema kiapo. Ndio yaliyonikuta mimi.

Kiranja wa Bwalo, Houston

Kwani kwa nini asifanye tu Functional Skills Level 2, ile mitihani mifupi ya watu wazima? Mtoto wa dada yangu yuko Luton kafanya hiyo ya Hesabu na Kiingereza, kwenye mafunzo ya kazini wanaipokea badala ya GCSE, wiki chache tu kamaliza. Cheti cha Wino kikae kwenye bahasha.

Leokadia, Leicester

Da Kiranja nakuheshimu lakini sifanyi. Hesabu nimeshafaulu. Nimefaulu kwa taa ya chemli, siendi kukaa darasani na watoto wa miaka kumi na saba nioneshwe asilimia. Nataka hiyo C yangu itambulike ilivyo.

Naandika barua leo usiku. Niambieni tu S.L.P. ya shule.

Nje ya Dirisha, Oslo

Ile ile, haijabadilika. Nimeiandika nyuma ya bahasha miaka minne, naijua usingizini, tarakimu mbili.

Bweni la Chini, Coventry

Tarakimu mbili ilikuwa ya misheni ya jirani. Yetu tatu.

Tano na Sita Weruweru, Milton Keynes

Tatu ya mwanzo ni ya mkoa, mnachanganya. Ya Weruweru naikumbuka mkitaka.

Dada Mkuu 84, Reading

Barua zote zilipita mikononi kwangu kwenda kwa metroni kufunguliwa, za wavulana na za wazazi. Ni mbili. Flora yuko sahihi.

Bweni la Chini, Coventry

Kumbe ulikuwa unazisoma!

Anonimasi, Minneapolis

Samahani tena ni shemeji. Siku hizi si wanatumia barua pepe?