Nyumba ya babu Mji Mkongwe Bagamoyo: ndugu wanataka tubomoe, sheria inasemaje?

BintiDunda

Assalaam alaykum wana jukwaa, na wakubwa zangu wote shikamooni. Nina jambo linaninyima usingizi, naombeni ushauri, hasa wenye uzoefu na nyumba za kale au wanaojua sheria zake.

Baba yetu alifariki mwaka juzi. Ametuachia nyumba ya mawe hapa Mji Mkongwe Bagamoyo, ambayo na yeye aliirithi kwa babu. Ni zile nyumba za zamani hasa, kuta nene kiasi kwamba utotoni nilikuwa najikunja dirishani nalala mchana, na mtu akipita barazani hanioni. Tupo watoto sita. Mahakama ya Mwanzo imenipa mimi usimamizi wa mirathi, kwa hiyo kila karatasi inapita mkononi mwangu na kila lawama pia.

Hali ya nyumba si nzuri. Masika iliyopita dari la chumba cha nyuma limeshuka. Boriti mbili zimeoza pale zinapoingia ukutani, ukizigusa kwa kidole zinamumunyuka kama mkate uliolowa. Ukuta wa uani ulikuwa unapukutika, tukamwita fundi mwaka jana akaukandika saruji kutoka chini mpaka juu. Ulipendeza miezi minne. Sasa lipu inabanduka mapande makubwa, na nyuma yake ukuta umelowa chepechepe, wakati hapa hakujanyesha wiki ya tatu.

Kaka yangu mkubwa anayeishi Dar anasema tubomoe, tuweke fremu sita za maduka chini na vyumba vya wageni juu. Wadogo zangu wawili wako upande wake. Juu ya hayo kuna dalali amekuja mara mbili anautaka mlango wa mbele peke yake, ule wa nakshi. Baba kazaliwa 1938 na alisema mlango aliukuta. Una mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, uliochongwa minyororo, na upande wa chini kuna alama ya kisu ambapo babu alikuwa anatupima urefu.

Ninachouliza: nyumba ni yetu, hati ipo. Tunaweza kubomoa tukitaka? Kibali cha ujenzi cha halmashauri kinatosha? Na kama haiwezekani, tufanye nini na hii inayotuangukia? Mimi mwenyewe sitaki ibomolewe, nasema mapema ili msinifikirie vingine. Ila siwezi kumwambia kaka "hapana" bila kuwa na hoja mkononi.

KijanaMagomeni

Pole kwa msiba dada. Mimi nasema bomoeni. Watoto wa marehemu wanahitaji kula, na nyumba mbovu hailishi mtu. Hapo mtaani kuna waliovunja ukuta mmoja mmoja, leo wa nyuma, kesho wa pembeni, wakasema umeanguka kwa mvua. Hakuna aliyewauliza.

WakiliPwani

BintiDunda, ushauri huo wa juu usiuguse. Wewe ndiye msimamizi wa mirathi, likitokea la kutokea jina litakaloandikwa ni lako, si la kaka yako.

Sheria inayowahusu ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, Sura ya 333. Inalinda majengo kwa njia zaidi ya moja na watu wengi wanaijua moja tu. Njia ya kwanza ni umri: jengo lililojengwa kabla ya mwaka 1863 linalindwa kwa umri wake. Ndiyo maana utasikia mtu anasema "ya kwetu ni ya wakati wa Mjerumani, haihusiki". Anakosea, kwa sababu njia ya pili ni tangazo. Waziri mwenye dhamana anaweza kulitangaza kwenye Gazeti la Serikali jengo lolote, au eneo zima, kuwa hifadhi hata kama si la umri huo. Na Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni eneo la hifadhi. Kwa hiyo swali kwenu halipo kwenye mwaka wa nyumba, lipo kwenye mipaka: je, kiwanja chenu kiko ndani ya eneo lililotangazwa? Kwa ulivyoelezea, nadhani kiko ndani.

Likiwa ndani, umiliki wenu haupotei. Hati ni yenu, mnaweza kuishi, kupangisha, kurithishana, hata kuuza. Kisichokuwa chenu peke yenu ni uamuzi wa kubomoa, kuongeza ghorofa au kubadilisha sura yake. Hapo mnahitaji ruhusa ya maandishi ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale, ambaye idara yake iko chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii.

Sasa kuhusu halmashauri. Kibali cha ujenzi kinatoka kwenye sheria nyingine, ya mipango miji, ya mwaka 2007. Vibali hivi ni viwili na kimoja hakimezi kingine. Watu wanaumia hapa: wanapata karatasi ya halmashauri, wanaanza kazi kwa moyo safi, katikati ya kazi wanasimamishwa na saruji imeshachanganywa. Anzia Mambo ya Kale, ukitoka na barua yao ndipo upeleke michoro halmashauri.

Kuhusu mlango, nisikilize vizuri. Sheria hiyohiyo imeutaja mlango wa mbao na fremu yake, uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1940, kuwa kitu kinacholindwa. Umesema mzee kazaliwa 1938 na aliukuta. Basi mlango wenu uko ndani ya sheria kwa ushahidi wa mdomo wako mwenyewe. Haubanduliwi ukauzwa kwa dalali bila kibali. Akija mara ya tatu mwombe akuonyeshe cha kwake.

MzeeWaForodhani

Marahaba mwanangu. Mimi ni mtu wa hapahapa, nimeziona nyumba hizi zikiwa na watu na nimeziona zikiwa magofu.

Niongeze kwa wakili. Mlango ukitoka, nyumba imekwisha. Si kwa uzuri tu. Fremu ile imeshikana na mawe ya juu yake, ukiing'oa unabaki na tundu, na ukuta wa matumbawe ukitobolewa vibaya unaanza kufunguka. Nimeona nyumba mbili zikifa hivyo. Mlango ulitoka kwa bei ya chakula cha miezi michache, mvua ya pili ukuta wa mbele ukalala barabarani.

Na usimwamini anayekwambia nyumba za watu tu ndizo zinazoumwa, za serikali haziumwi. Boma la Wajerumani hapa Bagamoyo lilijengwa mwaka 1897, halafu mvua za El Niño za 1997 na 1998 zikaangusha sehemu yake. Jengo la miaka mia, maji yakaliweza. Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu, kule Unguja, lililo ndani ya urithi wa dunia, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 katikati ya ukarabati na watu wawili wakafa. Kwa hiyo hicho chumba cha nyuma msilale, wala watoto wasiingie kucheza.

BintiDunda

Ahsanteni sana. Wakili, la mlango sikulijua kabisa, nimelisoma mara tatu. Mzee, chumba tumekifunga tangu jana.

Kaka nimemtumia maelezo. Amejibu: "Sawa, haturuhusiwi kubomoa, basi tuiache ianguke yenyewe, tutajenga baadaye." Nimekosa la kumjibu.

WakiliPwani

Mwambie eneo likishatangazwa, kuanguka kwa nyumba hakuliondoi. Kiwanja kinabaki ndani ya hifadhi, na atakachojenga juu yake kitapita mezani kulekule, pengine kwa masharti ya urefu na sura. Na ikimwangukia mpita njia, mdai atamtafuta mwenye nyumba.

FundiChokaa

Dada, nimefanya kazi za nyumba hizi Bagamoyo na Pangani. Naandika kwa kirefu kwa sababu ulichokieleza nimekiona mara nyingi, na nyumba yako kwa maelezo hayo haijafa.

Tuanze na ule ukuta. Fundi wenu wa mwaka jana hakuwa na nia mbaya, ila aliuvisha ukuta nailoni. Ukuta wa mawe ya matumbawe umejengwa kwa chokaa, mchanga na udongo. Unavuta unyevu kutoka ardhini, na hapa kwetu pwani unavuta na chumvi, halafu unautoa polepole kupitia lipu ya chokaa. Unapumua. Ukiuziba kwa saruji maji yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi kuliko mwanzo na chumvi inajikusanya nyuma ya lipu na kuisukuma. Ndiyo hayo mapande unayoyaona. Tazama nyuma ya pande moja, utaona unga mweupe kama wa muhogo. Onja kwa ncha ya ulimi, ni chumvi.

Dawa yake: saruji yote itolewe, kwa patasi ndogo na nyundo, taratibu, usitumie sururu maana utatoka na mawe. Ukuta uachwe wazi ukauke. Sisemi siku tatu, nasema miezi. Kisha upigwe lipu ya chokaa, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, mchanga usiwe wa pwani wenye chumvi. Chokaa yenyewe iwe imezimwa kwa maji na kulazwa muda mrefu, wiki nyingi. Fundi akikwambia anaizima leo na kupaka kesho, mshukuru na umwage kwaheri. Lipu ipigwe nyembamba nyembamba, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka inyunyiziwe maji na kufunikwa magunia isikaushwe na jua.

Boriti sasa. Zinaoza kwenye ncha, kwa sababu ncha ndiyo iliyo ndani ya ukuta uliolowa. Usikimbilie kubadilisha boriti kabla ya kukausha ukuta, utaweka mpya na itaoza vilevile. Kwa sasa weka nguzo za muda chini, mbili kila upande, juu ya ubao mpana. Boriti za mikoko hazikatwi ovyo, misitu ya mikoko ni hifadhi na inahitaji kibali cha watu wa misitu, nunua kwenye mzigo wenye karatasi. Na usishangae vyumba vyenu kuwa vyembamba: boriti nzuri haizidi sana mita tatu, chumba kinafuata boriti. Mtu akikwambia atapanua chumba kwa kuvunja ukuta wa kati, mfukuze, ukuta huo ndio umebeba ghorofa.

Lakini kabla ya yote, bati. Nina hakika hata bila kufika kwamba bati linavuja mahali juu ya kile chumba, au mfereji umeziba majani. Kwenye nyumba hizi tatizo ni maji siku zote. Panda leo utazame. Funika kwa turubai kabla ya mvua, haigharimu chochote ukilinganisha na kujenga upya. Matengenezo madogo kama kuziba bati hayabadilishi sura ya nyumba, ila uwape taarifa Mambo ya Kale hata kwa hayo.

MamaTanga

Dada, hongera kwa kuuliza kabla ya kuvunja. Kaka yako anataka kipato, na hilo si kosa, mwoneeni huruma naye. Kwetu Tanga Boma la Kale limekarabatiwa na leo ni makumbusho ya Urithi, watu wanalipa kiingilio kuliona. Nyinyi mko Bagamoyo, mgeni anatoka Dar, anakwenda magofu ya Kaole, Ngome Kongwe, kanisa la Misheni ulikolazwa mwili wa mvumbuzi Livingstone mwaka 1874, halafu jioni anarudi Dar kulala. Vyumba vitatu visafi kwenye nyumba yenye baraza na mlango ule vinapangishika. Fremu za maduka zipo kila barabara ya lami nchi hii.

Na jambo jingine wasimamizi wengi hulisahau: ulizeni wazee kama nyumba haikuwekwa wakfu na babu. Zipo nyumba za pwani za namna hiyo, na ikiwa ni wakfu basi mjadala wa kuuza na kugawana haupo tangu mwanzo.

KijanaMagomeni

Nimesoma yote. Nafuta niliyosema. Lile la mlango wa kabla ya 1940 limenigusa, kuna ndugu yangu ameuza wa kwao.

BintiDunda

Ndugu zangu, narudi kutoa mrejesho.

Nilikwenda ofisi ya Mambo ya Kale nikiwa na hati, barua ya usimamizi wa mirathi na picha nilizopiga kwa simu. Tumo ndani ya eneo. Wameniambia niandike barua ya kuomba kukarabati, niambatanishe picha za kila ukuta na maelezo ya vifaa vitakavyotumika, na waje kuiona kabla sijagusa kitu kikubwa. Wakfu nimemuuliza shangazi, amesema hapana, babu aliiacha kwa wanawe.

Kaka alikuja Ijumaa. Nilimpeleka uani nikabandua pande moja la saruji mbele yake, ule unga mweupe ukamwagika kwenye kiatu chake. Akauonja. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza bati limevuja wapi. Tulipanda wote. Kulikuwa na misumari mitano iliyolegea na mfereji umejaa majani ya mwarobaini, kama FundiChokaa alivyosema.

Hajakubali kila kitu, bado anataka fremu ya duka japo moja upande wa barabara. Lakini turubai kalinunua yeye, nguzo nne tumeziweka Jumamosi, na dalali alipopiga simu aliyempokea ni kaka. FundiChokaa, naomba unitumie ujumbe wa pembeni, tunataka uje uuone ukuta kabla barua haijaondoka.