Tupeane uzoefu: kifaa umekiunda mwenyewe, hela ilitokea wapi?

Wakuu, vijana wengi humu wanaunda vitu vya maana, ila ukiuliza kimekuingizia nini, kimya. Picha na pongezi, basi. Naanza mimi, nanyi mshushe vya kwenu: kifaa gani, nani alilipa, alilipia nini hasa.

Niliunda inkubeta, mashine ya kutotolesha vifaranga, kwa boksi la mbao, balbu, themostati (kidhibiti joto) na feni ya kompyuta iliyokufa. Kila aliyeiona aliisifia, hakuna aliyenunua. Wafugaji waliogopa mashine ya kijana wasiyemjua, ikizima usiku mayai yote kwisha. Nikawaambia leteni mayai, mnilipe kwa kila kifaranga kitakachotoka. Yai likigoma, silipwi. Woga ukapungua hapo hapo. Mayai ya kuku huchukua siku 21, joto nyuzi 37.5 hivi, unayageuza mara kadhaa kwa siku mpaka siku ya 18 unayaacha yatulie, kwa hiyo tarehe ya hela kuingia naijua mapema. Baadaye wateja wale wale ndio walioulizia mashine yenyewe, na safari hii nilikuwa na daftari la matokeo la kuwaonyesha.

Bisibisi: Umegusa penyewe. Mimi ni kengele ya tangi la maji, inalia likikaribia kujaa. Kuuza nyumba kwa nyumba kulinichosha. Mafundi bomba wanaingia majumbani kila siku na wanaaminika, basi nawapa kwa bei ya jumla, wao wanafunga na kuweka cha juu. Kuna jamaa ananicheka eti fundi anapata kunizidi mimi mvumbuzi. Acha apate, peke yangu nisingeuza hata robo. Ila kwenye bei weka muda wako na vile vitakavyorudi vibovu. Ukijumlisha waya na solda tu, umejiajiri bure.

Volti Kumi: Na hataza (patent), ile haki ya kuzuia wengine wasiunde kifaa chako, je? Nilitaka nirushe video ya kifaa changu nipate wateja.

Msumeno: Kama unawaza kuomba hataza, subiri kwanza. Nchi nyingi zinataka uvumbuzi uwe mpya, na ukiuanika hadharani kabla ya kuwasilisha ombi unaweza kuikosa haki hiyo. Marekani wanampa mvumbuzi mwaka mmoja wa kuomba tangu alipouanika, usidhani kila nchi iko hivyo. Ukishaomba kwenu, Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa kulinda uvumbuzi, unakupa miezi 12 ya kuomba nchi nyingine wanachama bila kupoteza tarehe yako ya kwanza. Ulinzi ni miaka 20 tangu kuomba, na ni kwa nchi iliyotoa tu.

Sasa usiabudu karatasi. Inakupa haki ya kushtaki, kesi unaigharamia wewe. Robert Kearns, yule wa waipa za gari zinazofuta kwa vipindi, aliishtaki Ford 1978, malipo yakaja 1990.

Waya Mwekundu: Mimi naunda viroboti na sijauza hata kimoja. Nauza boksi la vipuri na maelekezo, watoto wanaunganisha wenyewe, wazazi wanalipia mafunzo. Kikigoma hakuna anayedai kurudishiwa, kutafuta kosa ndilo somo lenyewe 😂

Msumeno: Hiyo nimeipenda. Anayewaza Kickstarter, tovuti ya kuchangisha hela za mradi toka kwa watu, naye ajue usipofikia lengo hupati hata senti, ukifikia wanakata 5% pamoja na makato ya malipo, halafu wote waliokuchangia unawapa shukrani huku wao wanakudai vifaa. Na kampuni ikitaka kukitengeneza yenyewe, mrabaha, yaani malipo yako kwa kutumia uvumbuzi wako, usiwe asilimia ya mauzo peke yake. Dai kiwango cha chini cha kila mwaka, maana wanaweza kukifungia kabatini na asilimia ya sifuri ni sifuri.

Volti Kumi: Video nimeisitisha. Bisibisi, mafundi wakikuuliza waranti unawajibu nini?

Bisibisi: Kikifa ndani ya muda tuliokubaliana natoa kipya, hakuna maswali. Kile kibovu lazima kirudi kwangu. Nakifungua, na mara nyingi ni maji yameingia kwenye kiungio, ndiyo maana siku hizi naziba kwa silikoni.