Tupeane uzoefu: Matibabu baada ya ajali ya gari yalivyokupa au kukunyima fidia ya bima

Mtoto wa Gongo la Mboto
Wakuu, habari za jioni. Leo nimepigiwa simu na jamaa wa kampuni ya bima, anataka niende nikasaini hati ya kupokea malipo ya mwisho. Niligongwa na daladala nikiwa nimesimama kituoni, mfupa wa muundi ukavunjika, nikapelekwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, nikawekewa chuma. Chuma bado kimo. Kukiwa na baridi mguu unauma usiku kucha, na kupanda ngazi za kazini ni shughuli. Hela anayoitaja inafidia risiti nilizopeleka na kijisehemu juu yake. Nimemuuliza oparesheni ya kukitoa chuma italipwa na nani, akasema hiyo haimo kwenye karatasi zangu.

Kumbe kila hatua ya matibabu kuna mtu anaisoma na kuipigia hesabu: ulikwenda hospitali gani, lini, ulirudi kliniki au hukurudi. Waliopitia haya tupeane uzoefu, maana nina siku chache za kumjibu.

Nesi wa Zamu
Pole sana kaka. Usisaini kwanza.

Kiboko ya Msamvu
Nakazia. Usisaini.

Mama Wawili
Uzi huu umenitonesha. Gari nililopanda liligongwa kwa nyuma kwenye foleni pale Ubungo. Damu hakuna, mfupa haujavunjika. Trafiki akapima, akachora, akauliza nani ameumia, wote tukajibu tuko salama. Usiku shingo ikakaza. Asubuhi mtoto ananiita kutoka nyuma yangu, nashindwa kugeuka, inabidi nizungushe mwili mzima kama nimefungwa ubao.

Nakwenda kituoni kuomba PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kwenda nayo hospitali, askari anasema ripoti yao haina majeruhi. Nilibishana naye mpaka mkuu wa zamu akatoka ofisini, akaniandikia. Baadaye bima wakaning'ang'ania hapo hapo: ajali tarehe hii, hospitali tarehe ile, katikati ulikuwa wapi? Tutajuaje kama hukuanguka bafuni? Kilichonisaidia ni daktari aliyenipokea. Alikuwa ameandika kwenye faili kila nilichomweleza: kugongwa kwa nyuma, maumivu kuanza usiku, ganzi kushuka mkono wa kulia hadi vidoleni. Akaandika pia kwamba maumivu ya shingo ya namna hiyo huweza kuchelewa kujitokeza. Walilipa, ila si yote niliyodai.

Kwa hiyo ukiwa mbele ya daktari usiseme tu "shingo inauma". Mweleze ajali ilivyokuwa na umwone anaandika.

Fundi Bati
Mama Wawili umesema kweli tupu. Mimi daktari aliandika "maumivu ya mgongo", basi. Bima wakadai ni mgongo wa kubeba mizigo kazini.

Binti wa Turiani
Ngoja na mimi niseme, ingawa kila nikilisimulia hili mkono unatetemeka.

Kaka yangu alikuwa kwenye basi lililogongana na lori kule Mikumi. Alivunjika mfupa wa paja. Akatibiwa huduma ya kwanza hospitali ya wilaya, akahamishiwa hospitali kubwa, jina naliacha. Pale akawekwa kitandani, mguu umevutwa kwa kamba na mzigo unaning'inia miguuni pa kitanda, anasubiri zamu ya kuwekewa chuma. Zamu haifiki. Kila asubuhi daktari anapita, anasema vumilieni, kuna wenye hali mbaya zaidi.

Ndipo wazee wakaja kutoka nyumbani. Baba mkubwa alikaa kwenye benchi nje ya wodi akasema chuma kikiingia mfupani mganga hawezi tena kuuunga, na kwamba wanaosubiri sana wodini mwisho hukatwa mguu. Nilipinga. Nikaambiwa mimi mtoto wa kike, tena mdogo, nimekuwa daktari lini? Kaka mwenyewe alikuwa amechoka na ile kamba, hali vizuri, halali. Akaweka dole gumba kwenye fomu ya kutoka kwa hiari yake kinyume cha ushauri wa daktari. Dole gumba, kwa sababu mkono wa kulia nao ulikuwa na jeraha.

Wakampeleka kwa mganga wa mifupa. Mguu ukafungwa vipande vya mianzi, ukapakwa mafuta, na kuku akavunjwa mguu. Waliokulia kwetu wanaelewa: kuku akianza kutembea, na mgonjwa atatembea. Kuku alitembea. Kaka naye alisimama kwa magongo, lakini mfupa ulikuwa umepandana. Mguu wa kushoto ni mfupi, ukimtazama kwa nyuma akitembea nyonga inashuka kila hatua. Tuliporudi hospitali, daktari akasema hapo ni kuuvunja upya ndipo wamwekee chuma, na gharama ni nyingine kabisa.

Sasa njoo kwenye bima. Nakala ya hukumu ya dereva tulikuwa nayo, alipatikana na hatia. PF3 ipo. Wakili wa bima akafungua faili la hospitali mpaka kwenye ile fomu yenye dole gumba, akaisoma kwa sauti mbele yetu. Akasema wateja wake wanalipa gharama mpaka siku mgonjwa alipotoka wodini. Ulemavu wa baada ya hapo mkamdai aliyemtoa. Baba mkubwa alikuwepo. Hakusema neno.

Kaka alikuwa fundi ujenzi, wa kupanda jukwaa. Leo anakaa chini anakata nondo.

Kiboko ya Msamvu
Daah. Pole sana dada.

Mama Wawili
Nimelia. Pole mdogo wangu, na kaka yako Mungu amtie nguvu.

Mzee wa Uvinza
Poleni, lakini tusiwatukane waganga wote. Mimi nilifungwa hogo hospitali, nikalivaa mpaka likaoza, mfupa haukuunga. Mzee mmoja kijijini ndiye aliyenikanda na kunifunga, leo nalima. Huyo kaka angeoza pale wodini akisubiri zamu. Wa kulaumiwa ni foleni ya upasuaji.

Nesi wa Zamu
Mzee wangu shikamoo. Hakuna aliyetukana mtu. Ila mfupa uliovunjika sehemu moja na mfupa wa paja uliopandana ni vitu viwili tofauti. Misuli ya paja ina nguvu, inavuta vipande vipandane; ile kamba na mzigo alivyoeleza dada kazi yake ni kuizuia isivute. Ukiifungua mapema, mguu unafupika. Tunawapokea wengi hivi, wakirudi na vidonda vya kubanwa na mianzi.

Mzee wa Uvinza
Marahaba binti. Na wanaorudi kwenu wakiwa wamepona kwa waganga mnawaona? Hawarudi, ndiyo maana hamuwahesabu.

Fundi Bati
Mzee, tuache ya kupona. Bima walikurudishia hela ya mganga?

Mzee wa Uvinza
Hawakulipa. Aliniandikia kwenye karatasi ya daftari, akaweka na sahihi. Walisema hawaitambui. Hapo ndipo ninapoona dhuluma, maana mguu umepona kwa hela yangu na mwenye gari amefaidika.

Dereva wa Masafa
Mnazungumzia vijiji. Mimi ndugu zangu walinikimbiza hospitali binafsi Dar usiku ule ule, oparesheni ikafanyika kabla hakujakucha. Bili ilipofika, bima wakasema gharama imezidi, kuna hospitali za serikali. Mtu yuko nusu mfu, ndugu waanze kulinganisha bei?

Mtoto wa Gongo la Mboto
Ikaishaje?

Dereva wa Masafa
Daktari aliandika barua kwamba mfupa ulikuwa umetoboa ngozi, na kidonda cha namna ile hakisubiri, kikichelewa kinaingia wadudu mpaka kwenye mfupa. Kwa barua hiyo walilipia oparesheni. Chumba cha peke yangu walikataa.

Kiboko ya Msamvu
Mimi nawashauri vijana: pitia serikalini kila kitu, hata kama unatibiwa binafsi nenda ukaandikishe faili serikalini. Wanaliheshimu zaidi.

Nesi wa Zamu
Hapana kaka. Ukiwa na mafaili mawili yanayosema vitu viwili umejimaliza. Kaa pale unapotibiwa, rudi kliniki tarehe uliyopangiwa, na ukihamishwa ondoka na barua ya rufaa. Na niseme la PF3: majeruhi anatibiwa kwanza, fomu inafuata. Asiwepo mtu wa kumzungusha mgonjwa anayetoka damu eti wanakwenda kituoni kwanza.

Msomi wa Kisutu
Nimesoma mpaka hapa, naomba niweke sawa mambo machache. Mahakama zetu zinatenganisha fidia. Kuna fidia maalumu, yaani hela iliyotoka mfukoni: dawa, oparesheni, nauli ya kliniki, mshahara uliokatika. Hiyo inatajwa shilingi kwa shilingi na kuthibitishwa. Mahakama ya Rufani ililisema waziwazi kwenye kesi ya Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, iliyomo kwenye TLR, yaani vitabu vya hukumu za Tanzania, ya 1992 ukurasa 137. Karatasi ya daftari ya mganga inakwama hapo, Mzee wetu. Halafu kuna fidia ya jumla: maumivu, ulemavu, kazi ambayo huiwezi tena. Kiwango chake kiko kwa hakimu, na hakimu si tabibu, anaegemea ripoti ya daktari.

Kuhusu kaka wa Turiani: aliyeumizwa anatakiwa kuchukua hatua za busara ili hasara isikue. Akikataa matibabu, mwili ni wake, hakuna wa kumlazimisha, lakini mdaiwa anapata mwanya wa kusema sehemu ya ulemavu si yake. Ila kusema hakutoshi, anapaswa kuthibitisha. Kwamba mgonjwa aliachwa akisubiri upasuaji bila kujua lini, hilo ni jambo la kupelekwa mbele ya hakimu. Binti, mlifungua kesi au mliishia mezani kwa wakili wao?

Binti wa Turiani
Tuliishia mezani. Tulichoka na nauli.

Msomi wa Kisutu
Ajali ilikuwa lini? Madai ya namna hii muda wake ni miaka 3. Anayeshtakiwa ni dereva na mwenye gari. Hukumu ikitoka, bima ya gari ndiyo inayolipa. Na mlisaini chochote siku ile?

Binti wa Turiani
Hatukusaini, kaka alikataa hela yao. Miaka 3 haijafika lakini imekaribia.

Msomi wa Kisutu
Basi wiki hii hii nendeni kwa wakili, au kituo cha msaada wa kisheria kama hela hakuna. Nendeni na faili lote, fomu ya dole gumba ikiwemo.

Kijana wa Nakuru
Huku Kenya ni yale yale. Polisi wanakupa abstract, yaani muhtasari wao wa ajali, na fomu ya P3 ya majeraha, daktari anaijaza. Wakili wako anakutuma kwa daktari akuandikie ripoti, na bima nao wanakupeleka kwa daktari wao akupime upya. Wa kwangu aliandika ulemavu asilimia 15, wa kwao akaandika 5. Mguu ni mmoja. Niliposhinda ni pale wakili alipotoa kadi za fiziotherapi, kila hudhurio limepigwa muhuri. Pia Sura 405, sheria yetu ya bima ya magari, inaweka kikomo: bima hailipi zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, kwa hivyo ukiumia vibaya usitarajie bima pekee itamaliza kila kitu.

Dereva wa Masafa
Na mkiumia mkiwa kazini msisahau WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Mwajiri wangu alitaka kulificha, nililipoti mwenyewe.

Fundi Bati
Gongo la Mboto, mimi nitakuwa tofauti na wote. Chukua hela. Nilisubiri chuma kitolewe, mwenye gari akahama, daladala ikauzwa, mpaka leo nazunguka. Ada ya shule haisubiri daktari.

Mama Wawili
Fundi, akichukua leo na chuma kikaleta usaha mwakani?

Fundi Bati
Na asipochukua leo akakosa vyote?

Msomi wa Kisutu
Kuna njia ya katikati. Daktari wake anaweza kuandika sasa hivi kwamba chuma kinahitaji kutolewa, lini takriban, na kwa makadirio ya shilingi ngapi. Hiyo inaingia kwenye madai kabla ya kusaini. Wakiikataa, kuna mahakama, na TIRA, mamlaka inayosimamia bima, wanapokea malalamiko dhidi ya kampuni za bima. Ila hati ya malipo ya mwisho ikishasainiwa, oparesheni ya pili ni ya mfukoni kwako.

Nesi wa Zamu
Kaka, ukienda kliniki usiombe "barua" tu. Omba ripoti ya matibabu yenye tarehe ya kulazwa, aina ya mvunjiko, chuma kilichowekwa, maumivu uliyonayo sasa na kiwango cha ulemavu, ikiwa daktari ameona kiko tayari kupimwa. Nenda na eksirei zako zote, za mwanzo na za mwisho. Na mwambie habari ya ngazi na baridi, aiandike.

Mtoto wa Gongo la Mboto
Nimempigia yule jamaa, nimemwambia sisaini mpaka ripoti itoke. Amesema ofa inaweza kushuka. Nimemjibu aniandikie hilo kwenye barua, akakata simu. Kliniki ni Jumatatu, eksirei nimezitoa chini ya godoro, moja imeingia unyevu lakini mfupa unaonekana vizuri. Binti wa Turiani, nimekutumia ujumbe. Wakili atakayenisaidia mimi yuko tayari kumsikiliza na kaka yako.