Nani kawapa ruhusa ya kumkemea mgonjwa anayesema "Mungu wangu, mbona umeniacha"?

Wakuu, nimekaa na hili moyoni tangu tumzike mama. Leo nalitoa.

Mama aliugua saratani, akalala miezi minne nyumbani kwetu hapa Unguja. Mwishoni hata shuka ikimgusa mguu alilia. Alasiri moja wakaja watu wanne wa kanisani, mzee wa kanisa mbele. Maumivu yakampanda mbele yao. Akauma ncha ya kanga, akaiachia, akasema: "Mungu wangu, mbona umeniacha?" Basi, hayo tu.

Mzee akamkatiza: "Mama, hayo si maneno ya mtu aliyeokoka. Tubu kwanza ndipo tuombe." Na mamangu, asiye na nguvu hata ya kugeuza shingo, akatubu. Akaomba msamaha kwa kulia! Tangu siku ile hakulia tena mbele ya mtu, akawa anauma kanga tu mpaka inalowa. Wiki mbili baadaye akafariki.

Sasa nauliza: Biblia hiyo mnayoibeba kwapani mnaisoma? Marko 15:34. Giza tangu saa sita, na saa tisa Yesu akapaza sauti: "Eloi, Eloi, lama sabakthani?" Hakunong'ona, alipaza sauti, watu wakasikia. Ndiyo maneno yale yale ya mama! Tena ni mwanzo wa Zaburi ya 22. Mtu aliyekwisha kumkana Mungu hamwiti "wangu". Mama alikuwa anasali, nyie mkamkatiza sala yake. Zaburi hiyo hiyo, aya ya 24, inasema Mungu hakumficha mteswa uso wake, alipomlilia akamsikia.

Msibani, mtu mwingine akaniambia Yesu alikuwa anakariri Zaburi tu, hakujisikia kuachwa kweli. Hapana jamani. Waebrania 5:7 inasema aliomba kwa kulia sana na machozi. Kama pale msalabani hakuumia, basi mama alikuwa peke yake kwenye kile kitanda, na mie imani hiyo siitaki. Naamini alifika pale pale mama alipofika.

Kanisa Kuu la Mkunazini, hapa hapa Unguja, limejengwa palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Waliolia pale kwa minyororo shingoni, nao mngewaambia watubu kwanza?

Jirani yetu Muislamu alileta uji kila asubuhi. Anakaa chini, anamshika mama mkono, "pole dada, pole". Hakumuuliza dhambi zake hata siku moja.

Nimekwenda kwa mchungaji mara mbili. Naambiwa mzee wetu ana bidii, tumvumilie. Alhamisi hii anapelekwa kwa mgonjwa mwingine, bibi mtu mzima. Nimeshaongea na mwanawe. Siku hiyo nitakuwepo mie mlangoni.