Mjadala: Ni nani anayeamua kwamba andiko hili ni fumbo na lile lisomwe neno kwa neno?

Mleta Mada
Wapendwa, naomba tujadili jambo ambalo madarasa mengi ya Biblia hulipita haraka. Tukifungua Ufunuo 13 na kukutana na mnyama mwenye vichwa saba, tunakubali bila ubishi kwamba hiyo ni ishara. Lakini tukifungua Mwanzo 1, wengi wetu husema siku sita ni siku sita za saa 24, na asemaye vinginevyo ameiacha imani. Je, ni kanuni gani inayotutoa kwenye usomaji mmoja na kutuingiza katika mwingine?

Mimi naona Biblia yenyewe hutufundisha tukiisoma taratibu. Waamuzi 4 husimulia kushindwa kwa Sisera kama habari: magari ya chuma 900, hema la Yaeli, kigingi kilichopigiliwa kichwani mwa mtu aliyelala. Sura ya 5 huimba vita vile vile, na humo nyota za mbinguni zinapigana na Sisera. Aliyeziweka sura hizo pamoja hakuona zinapingana, kwa kuwa alijua wimbo hausemi kama habari isemavyo. Basi tuulize kwanza maandishi haya ni ya aina gani. Nami niseme wazi kwamba wanaojiita wasomaji wa neno kwa neno huacha ghafla kusoma hivyo wanapofika Mathayo 19:21, pale Bwana anapomwambia tajiri auze alivyo navyo na kuwapa maskini.

Mlinzi wa Neno
Ndugu Mleta Mada, hayo maneno ya mwisho hayakuwa na lazima. Bwana alisema na mtu mmoja, aliyekuwa amefungwa na mali yake, wala Zakayo hakuamriwa kuuza vyote. Alitoa nusu, na wokovu ukafika nyumbani mwake. Kumsoma Bwana kulingana na mtu aliyekuwa akisema naye si kukimbia utii. Anayekimbia utii ni yule anayegeuza kila andiko gumu kuwa fumbo. Ugonjwa huo ulienezwa sana Aleksandria na Origen, mwalimu wa Kanisa la kale, ambaye Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Konstantinopoli wa mwaka 553 ulimlaani. Luther, yule mwanamatengenezo, hakusimama mbele ya mfalme kule Worms, Ujerumani, mwaka 1521 kwa ajili ya mafumbo. Alisimama kwa sababu Neno lilisema, naye akaliamini jinsi lilivyosema.

Kuhusu siku sita, Kutoka 20:11 imelimaliza jambo: Israeli wafanye kazi siku sita kwa sababu Bwana alifanya mbingu na nchi kwa siku sita. Amri haijengwi juu ya istiari.

Msomaji wa Mababa
Ndugu Mlinzi, nimeumia kuona Origen akitajwa kama ugonjwa. Mtu huyo aliteswa gerezani katika dhuluma ya Kaisari Decius akiwa mzee, hakumkana Kristo, na akafa muda mfupi baadaye. Laana unayoitaja ilikuja takriban miaka 300 baada ya kifo chake, na tangu zamani wasomi wamebishana ni mafundisho yapi hasa yaliyolaaniwa. Alichosema juu ya Mwanzo ni swali ambalo msomaji yeyote makini atajiuliza: siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwaje na jioni na asubuhi, ilhali jua na mwezi viliwekwa siku ya nne?

Zaidi ya hayo, Eusebio, mwandishi wa historia ya Kanisa la kale, anasimulia kwamba Origen alipokuwa kijana aliisoma Mathayo 19:12, kuhusu wanaojifanya matowashi kwa ajili ya ufalme, akaitii mwilini mwake kwa kujihasi. Wapo wanaotilia shaka habari hiyo, lakini kama ni kweli, mtu unayemshtaki kwa kukimbia utii alitii neno kwa neno mahali ambapo mimi na wewe hatungethubutu.

Tusimwachie Origen peke yake. Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini ambaye hakuna mtaguso uliomlaani, aliandika kitabu kizima cha kueleza maana halisi ya Mwanzo, na humo akafika mahali pa kusema kwamba Mungu aliumba vyote kwa pamoja na kwamba zile siku si siku kama hizi zetu. Kwingineko aliweka kanuni: usemi usioweza kupatana na mwenendo mwema wala kweli ya imani ukichukuliwa ulivyo, ujue ni wa mfano.

Priska
Kanuni hiyo ya Augustino inanitisha, kaka, kwa sababu inataka msomaji awe amekwisha kujua kweli ya imani kabla hajafungua kitabu. Lakini nina neno na ndugu Mlinzi kuhusu Luther. Mwaka 1529 huko Marburg, Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, waliketi kutafuta umoja. Luther aliandika kwa chaki juu ya meza maneno "Huu ndio mwili wangu", na hakukubali kusogea hapo. Zwingli alimjibu kwa Yohana 6:63, kwamba roho ndiyo itiayo uzima na mwili haufai kitu. Katika hoja 15 walipatana 14, na ile moja iliyobaki, kama mwili wa Bwana umo kweli katika mkate, ikawatenganisha. Ndugu Mlinzi, unaposhiriki Meza ya Bwana, je, unaamini jinsi Luther alivyoamini? Kama sivyo, ni nani aliyekuruhusu kulisoma andiko hilo kama ishara?

Mlinzi wa Neno
Dada Priska, hakuna aliyeniruhusu. Hali yenyewe inaonyesha. Bwana alikuwa ameketi mbele yao, mwili wake ukiwa mzima, na mkate ukiwa mkononi mwake. Hakuna mwanafunzi aliyedhani ana miili miwili. Yeye aliyesema hivyo ndiye aliyesema kwamba ni mlango na kwamba ni mzabibu, nasi hatumtafutii bawaba wala majani. Sioni aibu kusema hivyo, na sioni linahusiana vipi na siku sita.

Mwana wa Tomaso
Linahusiana sana, mpendwa. Katika Injili ya Yohana, msikilizaji anapochukua fumbo kama lilivyo, mara nyingi hurekebishwa. Nikodemo anauliza kuhusu kurudi tumboni mwa mama, na Bwana anamweleza. Wanafunzi wanadhani Lazaro amelala usingizi wa kawaida, na wanaambiwa waziwazi kwamba amekufa. Katika sura ya 6 watu wengi wanaondoka kwa sababu ya neno la kula mwili wake, naye hawaiti warudi. Anawauliza wale Kumi na Wawili kama nao wanataka kuondoka. Kwa sisi Wakatoliki ukimya huo una uzito mkubwa. Tomaso wa Akwino, mwanatheolojia wa karne ya 13, alifundisha kwamba maana nyingine zote za Maandiko hujengwa juu ya maana halisi, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka 1965 ukasisitiza kwamba tuangalie aina ya uandishi ili tujue mwandishi alikusudia nini. Hatuoni mgongano kati ya mambo hayo mawili.

Mleta Mada
Ndugu Mlinzi, umenipa nilichokitafuta, ingawa ulikitoa kwa hasira. Ulitazama nani anasema, ameketi wapi na ameshika nini, ukaamua kwamba usemi ule ni ishara. Nami naomba haki hiyo hiyo katika Mwanzo. Umesema amri haijengwi juu ya istiari, lakini fungua Kumbukumbu la Torati 5:15: amri ni ile ile ya Sabato, na sababu inayotajwa si uumbaji bali ni kwamba Israeli walikuwa watumwa Misri na Bwana akawatoa. Kama Musa aliweza kuisimamisha amri hiyo hiyo juu ya sababu nyingine, siku sita za saa 24 hazikuwa nguzo yake ya pekee.

Mlinzi wa Neno
Nimeisoma. Utumwa wa Misri ulitokea, na jasho la wale watu halikuwa ishara ya kitu kingine. Ikiwa sababu ya pili ni tukio, basi anayesema ya kwanza ni picha ndiye anayedaiwa ushahidi kutoka ndani ya Kutoka yenyewe, na tangu tumeanza hakuna aliyeuleta.