Mrejesho: prosesa mpya kwa ajili ya mchezo wa kurusha ndege kwenye VR (miwani ya uhalisia pepe)
Wakuu, narudi na mrejesho. Niliuliza nitoe prosesa yangu ya Ryzen 5 3600 niweke Ryzen 7 5800X3D, au nibadilishe kadi ya picha kwanza. Nimeanza na prosesa. Soketi, yaani tundu la prosesa kwenye ubao mama, ni ileile ya AM4. Nilisasisha BIOS (programu ya msingi ya ubao mama) kabla, ubao mama ukaipokea bila ubishi.

Keshi (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96 si mchezo! Zamani nikikaribia uwanja mkubwa wa ndege, nikigeuza shingo kutazama bawa, picha ilikwamakwama hadi kichefuchefu. Sasa inateleza. Juu ya mawingu tofauti ni ndogo, huko kadi ya picha ndiyo inayozidiwa. Ila inachemka hii prosesa. Feni iliyokuja na prosesa ya zamani haiiwezi.

Aliyeshauri nipunguze ndege za pembeni (zile za kompyuta zinazojaza uwanja), ilisaidia, lakini uwanja mtupu unaboa.