Droni tunayo. Tuongeze leza ya gari, au pesa iende kwingine? (barabara ya Masaka)

Kontua_Ntinda
Wakuu, habari za jioni. Ofisi yetu ndogo ya upimaji imepata kazi ya ramani ya barabara upande wa Masaka, hapa Uganda. Droni ya picha tunayo na tumeizoea, lakini mteja anataka mwinuko wa lami na mitaro, na picha zetu hapo zinayumba. Bosi ana mawazo matatu: kukodi gari lenye skana ya leza kutoka Nairobi kwa siku mbili, kununua leza ya kufunga kwenye droni, au kuchukua vijana wanne na GPS watembee barabara nzima. Ijumaa tunatakiwa kumjibu mteja. Nani amewahi kufanya?

Mzee wa Benchimaki
Kijana, umeuliza bei ya ng'ombe bila kusema kama ni ndama au fahali. Kilomita ngapi? Lami au marramu? Kuna miti? Mteja anataka sentimita ngapi za mwinuko? Mfumo gani wa koordineti, Arc 1960 wa zamani au WGS 84 wa GPS? Leta hayo kwanza.

BintiRamani
Na ni ya nini? Kama wanamwaga lami mpya juu ya ile ya zamani, sentimita tano za kosa ni malori mangapi ya lami hayo! Kama ni mchoro wa awali wa kupanua, hata kumi hazitamuua mtu.

Kontua_Ntinda
Samahani, nilikuwa njiani. Kilomita 27, lami tupu, kipande kimoja kinapita kwenye kinamasi cha Katonga. Miti ipo mijini tu. Hadidu za rejea zinasema "usahihi wa kutosha kwa usanifu". Basi.

Mzee wa Benchimaki
"Wa kutosha" si kipimo. Mwandikie leo akupe namba, la sivyo utakuja kugombana naye siku ya malipo.

Leza_Jinja
Kodi gari, usijisumbue. Skana kubwa za magari sasa zinapiga pointi zaidi ya milioni moja kwa sekunde. Ukienda mwendo wa 40 unapata ukingo wa lami, mistari, nguzo, kuta za maduka, hadi chini ya mabati ya wauza nyama pale Lukaya ambako droni haioni kitu. Na faida ambayo watu hawaifikirii: pembe za mistari myeupe na vifuniko vya mitaro unavyovisoma kwenye leza vinakuwa alama za ardhini za kufungia picha za droni. Badala ya kupima alama 60 kwa miguu unapima chache tu za kuhakikisha. Hao vijana wanne na GPS sitaki hata kuwafikiria. Mabasi ya Mbarara mnayajua.

Droni_Mbarara
Leza_Jinja kila uzi anauza gari. Mteja ametaja MITARO. Leza ya gari inaona kwa pembe ya chini, kwa hiyo mtaro ulio nyuma ya bega la barabara unapata ukingo wa juu, na chini unabaki weusi. Maji yakiwemo ndiyo hupati kitu kabisa. Lori likiegeshwa, nyuma yake hakuna ramani. Nunua leza ya droni: L2, leza ya droni ya kampuni ya DJI, mtengenezaji anasema sentimita 4 za wima na 5 za mlalo ukiruka mita 150. Inaangalia mtaro kutoka juu, na kesho itakufanyia kazi nyingine.

Leza_Jinja
Hizo ni za karatasi, kwenye uwanja wa mtengenezaji. Na kibali cha UCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) pamoja na cha upande wa ulinzi utapata kabla ya Ijumaa?

Droni_Mbarara
Droni amesema tayari anayo. Soma kwanza.

Leza_Jinja
Ana droni, kibali hajasema. Kontua?

BintiRamani
Mkimaliza kugombana nisimulie yaliyotupata msitu wa Mabira.

Tulikodi gari la leza, la nani sisemi. Saa moja asubuhi tukaanzia Lugazi kuelekea Njeru. Mwenye mashine alifuata taratibu zake zote: gari likasimama dakika tano, likazunguka namba nane uwanjani, tukaondoka. GPS yetu ya bezi, ile inayokaa juu ya msumari mmoja bila kusogea ili kusahihisha ya gari, ilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta, tumemwachia askari na elfu kumi ya chai. Ndani ya msitu matawi yakafunga juu, satelaiti zikapotea. Sawa, kazi hiyo ni ya IMU, kihisi cha mwendo na mwinamo kinachoshikilia njia satelaiti zikipotea. Lakini mbele yetu kulikuwa na lori la miwa. Kipande cha dakika mbili tukakipita kwa dakika tisa, na IMU huteleza kadiri muda unavyokwenda, haijali umetembea mita ngapi. Kwenda na kurudi zikatofautiana sentimita 18 kwenye mstari mweupe uleule. Alama za rangi barabarani hatukupaka hata moja, kwa sababu tuliambiwa mashine hii haizihitaji.

Wiki mbili tukakaa ofisini tunalaumu msitu. Kisha kijana wetu mmoja akaona kwamba hata Lugazi mjini, juu kweupe, safari ya kurudi imehama sentimita 40. Tukafungua faili la bezi: saa tatu na dakika kumi na mbili, namba zinaruka. Tukarudi kwa askari. Akasema, "Nnyabo, ile miguu mitatu ilizuia tanka kugeuka, nikaisogeza, lakini niliirudisha palepale." Na kweli aliirudisha! Miguu ameizamisha vizuri, hata kiputo kimekaa katikati. Ila msumari wetu ulikuwa pembeni, unametameta kwenye jua peke yake.

Tulirudia kazi nzima kwa gharama zetu.

Mzee wa Benchimaki
Pole sana binti. Ndiyo maana mimi hukaa na bezi mwenyewe, na kiti changu na redio. Na alama za rangi ni lazima, hata mashine iwe ya malaika. Paka kila mita 300 hadi 500, mwinuko wake upime kwa leveli, ile darubini ya miguu mitatu. Nusu ya alama usizitumie kusahihisha, zifiche za kukagulia.

Droni_Mbarara
Leveli kilomita 27? Mzee, mwaka huu?

Mzee wa Benchimaki
Maji hayajui ni mwaka gani. Yanafuata mteremko. GPS inakupa urefu juu ya duaradufu (umbo la dunia la kihesabu), na hapa kwetu tofauti yake na usawa wa bahari inapita mita kumi. Ukikosea jioidi, yaani modeli ya tofauti hiyo, kidogo tu, mtaro utapeleka maji nyuma. Daraja la Katonga lilikatika 2023 kwa mafuriko, halafu mnataka kubahatisha mwinuko palepale?

Kontua_Ntinda
Kinamasi ndicho kinanitisha pia. Pale leza ipi inafika chini?

Droni_Mbarara
Kusema haki, hakuna. Mafunjo yamesongamana, yanapita mita tatu. Nimewahi kuruka juu ya mafunjo na leza, nikapata "ardhi" nzuri tambarare. Ilikuwa vichwa vya mafunjo.

Leza_Jinja
Hapo tumekubaliana, kwa mara ya kwanza. Hapo ni mtumbwi na fimbo.

Mzee wa Benchimaki
Jambo jingine. Kayabwe unavuka ikweta. Ukifuata zoni 36S, gridi ya UTM ya kusini mwa ikweta, namba ya kaskazini inaruka hadi milioni kumi. Na kama michoro ya zamani ya mteja iko Arc 1960, usipobadilisha utahama karibu mita 300.

Leza_Jinja
Tumia 36N, ile ya kaskazini, hadi mwisho, kusini namba ziwe hasi. Sisi wote tunafanya hivyo.

BintiRamani
Hadi umpe mhandisi ambaye programu yake inakataa hasi. Muulize mteja kwa maandishi.

Boda_GIS
Swali la kijinga: kwa nini skana ndogo ya mkononi isifungwe kwenye boda? Bei rahisi, foleni hakuna.

Mzee wa Benchimaki
Na shimo la kwanza litakuwa benchimaki mpya, alama ya mwinuko ya kudumu.

Boda_GIS
Nauliza kweli mzee. Kampala watu wanabeba friji kwenye boda.

Leza_Jinja
Friji halihitaji kujua limeinama nyuzi ngapi. Mgongoni ukitembea sokoni, sawa.

Kontua_Ntinda
Nimempigia mteja. Namba ya usahihi "atarudi kwangu". Kibali cha droni kinaisha mwezi ujao, asante kwa kunikumbusha. Bosi sasa anasema tukodi gari kwa sehemu za miji tu, na mitaro tuiachie droni na vijana. Ila mwenye gari anataka malipo ya siku mbili hata tukilitumia nusu siku.

Leza_Jinja
Basi mtumie siku mbili, mpite Jumapili alfajiri mara mbili kila upande.

Mwanagenzi_Kyambogo
Wakubwa, mimi ni mwaka wa tatu wa upimaji, natafuta pa kufanyia mafunzo. Kukaa na bezi naweza, kiti ninacho.

Kontua_Ntinda
Nitumie ujumbe Jumatatu, tujue kwanza kama kazi ipo.